Breki ya nyuma inachemka na kulia: kabla hujanunua dramu mpya

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, nipo Buhigwe, na karibu kila wiki nashuka Kigoma mjini na kurudi. Gari langu ni Corolla 110 ya mwaka 1998, gia otomatiki, breki za nyuma ni za dramu. Nililinunua kwa mzee aliyekuwa akibebea chumvi kutoka Uvinza. Tatizo ni tairi la nyuma kushoto. Nikifika Mwandiga rimu haishikiki kwa joto, kuna harufu ya kitu kinachoungua, na kuna mlio wa kusaga. Asubuhi nikitaka kuondoka gari linagoma kidogo kama limeshikwa na mtu, halafu linatoa "pah!" ndipo linaachia. Shuu zimebadilishwa mara mbili ndani ya miezi minane, na mara zote mbili fundi alikaza hendibreki ili ishike vizuri. Sasa ananiambia ninunue dramu. Ninunue?

Marahaba, mwalimu. Dramu usinunue kwanza. Huenda mwisho wa safari ukainunua, maana dramu iliyopikwa miezi minane haibaki kama ilivyotoka kiwandani. Lakini ukifunga dramu mpya leo juu ya ugonjwa uleule, baada ya muda mfupi utaniandikia tena, na safari hiyo utakuwa na dramu mbili mbovu.

Wengi huniandikia "breki zangu mbovu, nifanyeje", basi, na hapo sina pa kuanzia. Wewe umenipa upande, umenipa saa, umenipa historia ya gari, na umenipa lile neno ambalo fundi wako alidhani ni la msaada: alikaza hendibreki. Dau langu lipo hapo. Nadhani kebo ya hendibreki ya kushoto imeshika kutu ndani ya ala yake, na kila ilipokazwa tatizo liliongezewa nguvu. Ila dau si ushahidi, kwa hiyo nitakueleza jinsi ya kulithibitisha au kuniumbua, wewe mwenyewe au fundi wako mbele yako, kabla senti haijatoka.

Kwanza uone kinachotokea ndani. Dramu ni chungu cha chuma kinachozunguka pamoja na tairi. Ndani yake kuna shuu mbili zenye umbo la mwezi mwandamo, hazizunguki. Ukikanyaga pedeli, mafuta ya breki yanaingia kwenye silinda ndogo, sisi gereji tunaiita wili silinda, nayo inazisukuma shuu zigusane na dramu. Ukiachia, springi zinazirudisha. Hapo ndipo pa kuelewa: kwenda kuna nguvu ya mguu wako pamoja na buusta, kile kifaa kinachouongezea mguu nguvu, na mafuta, kurudi kuna springi tu, tena springi zenye umri wa gari. Kitu kidogo kikizuia kurudi, kutu, tope lililokauka, kebo iliyokakamaa, shuu inabaki imeegemea dramu. Haibani kiasi cha wewe kuhisi gari limeshikwa. Inagusa tu. Kugusa huko kwa kilomita 60, yaani karibu njia yote ya Manyovu hadi mjini, kunapika dramu kuliko breki kali tano au sita ambazo kila moja iliachia vizuri.

Ndiyo maana shuu mpya hazikusaidia. Zilikuwa zinaungua.

Sasa turudi kwenye maelezo yako. Ni tairi moja tu. Hilo linapunguza sana shaka juu ya vitu vinavyotumiwa na matairi yote, kama masta silinda, ile silinda kuu inayosukuma mafuta ya breki kwenda matairi yote ukikanyaga pedeli. Lakini usiifute kabisa. Corolla ya aina yako ina saketi mbili za breki, yaani njia mbili za mafuta zinazojitegemea, zilizopishana kama herufi X: nyuma kushoto inashirikiana na mbele kulia. Kwa hiyo siku utakapopima joto, pima na tairi la mbele kulia, ulilinganishe na la mbele kushoto. La mbele kulia likiwa linachemka kuliko mwenzake, tuanze kuitazama masta silinda. Likiwa sawa na mwenzake, tubaki nyuma.

Halafu hiyo "pah" ya asubuhi. Huko kwenu juu asubuhi kuna ukungu na masika hayana mchezo. Gari likilala limelowa na hendibreki imevutwa, shuu na dramu hufanya kutu nyembamba katikati yao na kugandana. Ukiondoka zinabanduka kwa kishindo. Hilo peke yake si ugonjwa, hata gari lisilo na tatizo hufanya. Kwako linanihusu kwa sababu upande unaogandana ndio huohuo unaochemka.

Chumvi nayo. Ziwa Tanganyika ni maji baridi, na magari yaliyozeekea Kigoma kwa kawaida chini yake huwa na afya kuliko ya Tanga au Dar es Salaam. La kwako halihesabiki hapo. Chumvi huvuta unyevu hata siku ya jua, na ikimwagika ikapenya kwenye sakafu inakaa juu ya kebo na paipu za chuma miaka. Ukiingia chini ya gari lako usilitazame kama gari la bara. Litazame kama gari la pwani. Na ukishaliinua, kagua paipu za chuma za breki kuanzia mbele hadi nyuma, hasa pale zinaposhikwa na vibanio. Ukiona kutu yenye magamba, siyo ile ya rangi tu, hiyo paipu ibadilishwe hata kama haijakulalamikia. Paipu ikipasuka inapasuka mteremkoni, wakati umekanyaga.

Nifafanue kuhusu hendibreki, maana hili kosa nimeliona mara nyingi kuliko mengine yote ya breki za dramu, na mafundi wazuri wanalifanya.

Ndani ya dramu, kwenye shuu ya nyuma, kuna mkono mdogo wa chuma. Kebo ya hendibreki inauvuta, nao unazitanua shuu. Ukishusha hendibreki, mkono huo unatakiwa urudi hadi mwisho, ukae kwenye kituo chake. Mwendo wa mkono huohuo, kwenye Corolla nyingi za dramu, ndio pia unaoendesha ajasta, kifaa kinachozisogeza shuu: lining, ile sehemu ya shuu inayosuguana na dramu, ikiisha kidogo, ukivuta na kushusha hendibreki ajasta inazunguka jino moja na shuu zinasogea karibu na dramu. Gari linajirekebisha lenyewe, humlipi mtu.

Hendibreki ikianza kupanda juu sana, sababu ya kawaida ni kwamba shuu zimekuwa mbali na dramu. Dawa yake ni kuzisogeza shuu. Lakini kusogeza shuu kunataka kufungua tairi, na pale pembeni ya kiti, chini ya plastiki ya hendibreki, kuna nati ndogo inayofikika kwa dakika tano. Fundi anaikaza, hendibreki inakuwa kali, mteja anafurahi. Kinachotokea ndani ni kwamba mkono mdogo sasa haurudi kwenye kituo chake. Umevutwa nusu muda wote. Shuu hazifungi hadi mwisho, na ajasta imenyimwa mwendo wake kwa hiyo imekufa. Ni kama mtu aliyekonda kwa njaa, wewe ukamwongezea tobo kwenye mkanda. Suruali haianguki, lakini hujamlisha.

Kwako ilikazwa mara mbili. Na kama kebo ya kushoto ilishakuwa nzito kwa kutu, upande wa kulia ulivumilia, kushoto haukuweza.

Sasa kuthibitisha. Anza na kipimo cha joto. Tafuta barabara tambarare, endesha kilomita tano au sita ukigusa breki kwa nadra sana, mwishoni liache gari lipungue mwendo lenyewe na ulimalizie kusimama kwa breki nyepesi. Shuka upite matairi yote manne. Usiweke kiganja kwenye rimu. Sogeza mgongo wa mkono karibu, utahisi tofauti kabla ya kugusa. Matone mawili ya maji kwa kidole kwenye dramu yatakwambia zaidi: yakichemka na kupotea kwa sauti, chuma kimepita nyuzijoto 100, na katika mwendo usio na breki hakina sababu ya kufika huko. Matone, mwalimu, siyo ndoo. Nimeona watu wakifika chini ya mlima wanamwagia dramu maji ili ipoe. Dramu ni chuma cha kusubu. Cha moto kikipigwa na maji baridi kinapasuka, au kinapinda kisha kinakupa breki inayotetemeka.

Kisha inua nyuma. Ardhi tambarare, mawe mbele na nyuma ya matairi ya mbele, gia kwenye P, hendibreki chini kabisa, na chini ya gari kuwe na stendi, maana jeki ni ya kuinulia tu. Zungusha tairi la kushoto kwa mkono, ulifananishe na la kulia. Mlio hafifu wa kukwaruza kama mtu anayenong'ona ni sawa. Tairi linalosimama pale unapoliachia si sawa.

Likiwa zito, fuata njia hii bila kuruka hatua. Legeza ile nati ya hendibreki kwa mizunguko mingi, hadi kebo ilegee kabisa. Zungusha tairi. Likiwa limeachia, kesi imekwisha: ulikuwa ukaziaji tu. Kama bado ni zito, ingia chini umwambie mtu avute na kushusha hendibreki huku ukitazama kebo ya kushoto inavyorudi. Kebo yenye afya inarudi pamoja na mkono wa ndani ya gari. Iliyoshika kutu inakwenda ikivutwa, halafu inabaki hukohuko, au inarudi kwa kusitasita kama konokono. Kebo ya namna hiyo ibadilishwe. Najua utaambiwa imiminiwe oili. Imiminie ikufikishe mjini kununua nyingine, lakini ala yake ikishapasuka vumbi na maji vitaingia tena wiki ileile.

Kebo imelegea, imerudi, na tairi bado zito? Fungua nati ndogo ya kutolea upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki, iliyo nyuma ya wili silinda, robo mzunguko tu, na chupa chini yake. Mafuta yakiruka kwa msukumo na tairi likaachia papo hapo, basi kulikuwa na presha iliyofungiwa. Yakitoka kwa unyonge na tairi likabaki zito, kinachoshikilia ni chuma: shuu imekwama kwenye bamba la nyuma linalozibeba shuu, pistoni ya silinda, kile chuma kinachoisukuma shuu, imeganda, ajasta imekazwa kupita kiasi, springi imekatika, au beringi imekwisha.

Presha iliyofungiwa ina hadithi yake. Nilipokuwa kijana wa gereji pale Mwanga, nilimbadilishia mteja mmoja shuu mara tatu za tairi moja. Mara tatu, na mara zote nikamlipisha ufundi. Mara ya nne mzee aliyenifundisha kazi alikuja, hakugusa shuu, akashika ile paipu ya mpira inayounganisha paipu ya chuma na gurudumu, akaikata kwa kisu mbele yangu. Nje ilikuwa nzuri. Ndani mpira ulikuwa umebanduka na kufanya ulimi. Ukikanyaga, mafuta yanapita kwa nguvu ya mguu. Ukiachia, ulimi unajifunga na mafuta hayarudi, maana springi hazina ubavu wa kuyasukuma. Zile fedha nilimrudishia, kwa awamu. Kwa hiyo tairi likiachia ulipofungua nati ya upepo, lirudishie hali ileile: funga nati, kanyaga pedeli mara kadhaa, hakikisha limeshika tena. Safari hii legeza kiungo cha paipu ya chuma kabla haijaingia kwenye ile ya mpira. Likiachia, presha inatoka juu huko, masta silinda. Lisipoachia hapo lakini likaachia kwenye nati ya chini, paipu ya mpira ndiyo mwizi. Badilisha zote mbili za nyuma, zina umri mmoja.

Dalili ya barabarani inaweza kukusaidia kutenganisha. Paipu ya mpira mara nyingi hulipa gari asubuhi njema: linaondoka jepesi, linaanza kuchemka baada ya breki kadhaa, ukiegesha nusu saa linaachia. Kebo hukushika tangu unapoondoka, hasa baada ya kulala na hendibreki. Barua yako inaegemea kebo. Ila gari la chumvi linaweza kuwa na vyote viwili.

Sasa dramu ifunguliwe, hata kama kebo imepatikana na hatia, kwa sababu huko ndani kumeungua. Legeza nati za tairi kabla ya kuinua. Dramu ikikataa kutoka usiipige nyundo pembezoni. Ina matundu mawili yenye nyuzi usoni mwake. Tia bolti mbili za mm 8, zikaze kwa zamu kidogo kidogo, zitaisukuma nje. Ikikataa bado, imekwama kwenye ukingo ulioliwa na shuu. Chomoa kizibo cha mpira nyuma ya bamba, uirudishe ajasta kwa bisibisi.

Vumbi la ndani usilipulize, si kwa mdomo wala kompresa. Lining za zamani, na baadhi ya zile za bei ya kutupa, zina asbesto, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, kitambaa tupa. Vijana wa gereji watakucheka. Waache wacheke.

Fungua upande mmoja kwanza, ule mwingine uache ulivyo uwe kielelezo chako, na piga picha kwa simu kabla hujagusa springi hata moja. Kisha soma kilichomo. Uso wa shuu unaong'aa kama kioo umeungua. Ukiusugua kwa msasa unapata siku chache tu. Madoa ya bluu kwenye dramu ni joto kubwa, na nywele za ufa humaanisha itupwe. Shuu iliyolowa mafuta haisafishiki kwa petroli wala kwa moto, inatupwa, na za upande wa pili zinabadilishwa pamoja nayo, la sivyo gari litavuta upande mmoja siku ya mvua. Tafuta yalikotoka hayo mafuta: bandua vifuniko vya mpira kwenye ncha za wili silinda, ukikuta majimaji ndani yake silinda inavuja, ukikuta grisi, siili ya beringi imeyeyuka. Lining ikibaki mm 1 mwisho wake umefika. Mpya huwa karibu mm 4. Na springi: zikiwa zimepumzika mizunguko yake inatakiwa igusane. Ukiona mwanga kati ya mzunguko na mzunguko, moto umeziua. Watu hununua shuu za gharama na kurudishia springi zilizozeeka pamoja na gari. Seti ya springi ni bei ndogo, nunua.

Pistoni za wili silinda zisukume kwa kidole gumba. Zinatakiwa ziingie na kutoka kwa uzito mmoja laini. Zikiwa zimeganda, zitoe. Kuta za ndani zikiwa na vishimo vya kutu badilisha silinda nzima, zikiwa laini unaweza kutia raba mpya. Unapounganisha, paka mafuta ya breki yaleyale au grisi maalumu ya raba. Oili ya injini, grisi ya kawaida, mawese, vyote hivyo vinazivimbisha raba za breki. Hilo la mawese si utani, hapa kwetu kila kitu kinachokwaruza hupakwa mawese. Kama kuna siku mtu aliongeza kwenye kopo la breki kitu kisicho mafuta ya breki, fungua kifuniko utazame raba yake: ikiwa imevimba na kukataa kurudi mahali pake, raba zote za mfumo mzima zimeshiba sumu hiyohiyo, na hapo bei inakuwa nyingine kabisa.

Nyuma ya shuu, kwenye lile bamba, kuna sehemu sita zilizoinuka kidogo, tatu kwa kila shuu. Shuu huteleza juu yake. Hapo ndipo mlio mwingi huzaliwa. Zikiwa kavu shuu inalia kwa mdundo kama kitanda cha mbao. Zikiwa zimechimbika shuu inakwama kwenye shimo na hairudi, ukarejea kwenye kuchemka. Zisugue hadi chuma kionekane, jaza kwa kuchomelea na ulainishe kama zimechimbika, halafu paka grisi ya joto kali, kiasi cha kupaka mdomo tu. Ajasta isafishe nyuzi, ipake grisi hiyohiyo, na usichanganye ya kushoto na ya kulia. Nyuzi zake zinazungukia pande tofauti. Ukizibadilisha, kila gari linapojirekebisha litakuwa linazirudisha shuu nyuma.

Mlio wako wa kusaga sijaujibu kwa jina, kwa sababu unaweza kuwa lining iliyokwisha hadi chuma, kichwa cha rivet, ile pini inayoshikilia lining kwenye shuu, au vumbi gumu, na vyote utaviona kwa macho dramu ikitoka. Mmoja tu hauonekani: ule wa kuvuma kama pangaboi ambao unabadilika ukikata kona. Huo ni beringi. Na beringi iliyoungua na breki yako kwa miezi minane inastahili kushikwa: tairi likiwa juu, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, ongeza beringi kwenye orodha.

Kuhusu dramu, swali lako lenyewe: kipimo cha mwisho kimeandikwa kwenye dramu, kwa kawaida ni mm 1 zaidi ya kipenyo chake kipya, kwa mfano mm 201 kwa dramu ya mm 200. Fundi wa mashine ya kuchonga anaweza kuipima. Ikiwa haijafika huko, haina ufa na haijapinda, ichongwe kidogo, irudi kazini. Ikiwa imepita, nunua, mbili.

Kurudishia ndiko kunakoharibu kazi nzuri. Kebo iwe imelegea. Funga shuu, rudisha dramu, panua ajasta hadi shuu zianze kukwaruza, kisha rudisha nyuma hadi tairi lizunguke kwa ule mnong'ono tu. Toa upepo kama ulifungua mafuta popote. Kanyaga pedeli mara kumi ili shuu zikae katikati, rudia kurekebisha. Ndipo, mwisho kabisa, ushike nati ya hendibreki, uikaze hadi hendibreki ishike kwenye milio 4 mpaka 7, ile "tik, tik" unayosikia ukiivuta. Mlio mmoja au miwili siyo sifa, ni kosa lilelile linarudi. Nati za tairi zikazwe kwa kupishana. Kwa Toyota yako ni Nm 103 kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, ambayo ni mkono mzima wa mtu mmoja kwenye spana ya kawaida, bila kuipanda kwa miguu.

Mafuta ya breki yatolewe yote, yawekwe mapya ya daraja la DOT 3, limeandikwa kwenye chupa. Huanza kuchemka kwenye nyuzijoto 205 yakiwa mapya, lakini yananyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya vya kutosha hushuka hadi karibu 140. Kwa tairi lako lilivyo, ulikuwa unaukaribia mpaka huo. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, pedeli inakwenda sakafuni bila kitu. Badilisha kila miaka miwili.

Kama baada ya yote hayo matairi yote mawili ya nyuma yakaanza kuchemka sawasawa, nenda mbele. Breki za mbele ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi. Pistoni zake zikikwama, mzigo huhamia nyuma na nyuma haikuumbwa kuubeba. Ukishuka kutoka Kalinzi, zima O/D, ile gia ya juu kabisa ya otomatiki, na uweke gia 2 kabla mteremko haujaanza, breki iwe ya kugusa na kuachia.

Mpaka siku ya kazi, usiivute hendibreki usiku. Weka P, jiwe nyuma ya tairi, jiwe mbele ya tairi. Na kabla hujampigia fundi, legeza ile nati mwenyewe Jumamosi, zungusha tairi, uniandikie lilifanya nini.